Anasoma, Lakini Ameelewa?

Mpe mtoto wa darasa la tatu wa Lizaboni au Mfaranyaki, katika Manispaa ya Songea, ukurasa wowote wa Kiswahili umwambie asome kwa sauti. Ikiwa darasa la kwanza na la pili alipata mwalimu wa kueleweka, atausoma. Atasoma tangazo la mbolea ya ruzuku, atasoma hotuba ya bajeti, na akikutana na neno ambalo hajalisikia tangu azaliwe, tuseme "ukiritimba", atalikata silabi kwa silabi na kulitamka barabara. Tahajia ya Kiswahili haina hila. Ukishazimudu ba-be-bi-bo-bu na ndugu zake, pamoja na zile ngumu za ng', ny na mbw, hakuna neno litakalokushinda kutamka. Mtoto wa Uingereza hana bahati hiyo. Lugha yake huandikwa hivi ikatamkwa vile, naye huchukua miaka kuizoea.

Bahati hiyo ndiyo inayotupumbaza. Sauti ikitiririka, mwalimu mwenye darasa lililofurika anasonga mbele, mzazi anaridhika, na mgeni aliyekuja kukagua shule anapiga makofi. Halafu mtoto anaulizwa habari ile inasema nini, anainamisha kichwa na kuanza kusoma upya kutoka mstari wa kwanza. Kumbe alikuwa anatamka tu.

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walilieleza jambo hili kwa hesabu fupi: ufahamu wa kusoma ni uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa, ukizidishwa na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Zingatia kwamba wanazidisha, hawajumlishi. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri hata upande wa pili uwe mkubwa namna gani. Kwa Kiingereza watoto wengi hukwama upande wa kwanza. Kwa Kiswahili upande wa kwanza huvukwa mapema, na mzigo wote unabaki upande wa pili: msamiati, miundo ya sentensi, ujuzi wa mambo, na ile tabia ya kujiuliza kila unapomaliza aya. Huko ndiko madarasa yetu yanakopita mbio.

Sisemi kwamba juhudi za KKK zilikosea. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa 2015 uliweka Kusoma, Kuandika na Kuhesabu mbele ya masomo mengine yote, ukawarudisha walimu kwenye sauti za herufi badala ya majina yake, na ilikuwa lazima. Tathmini za Uwezo, zilizokuwa zikipita nyumba kwa nyumba, zilikuwa zimeshaonesha kwamba wapo watoto wa madarasa ya juu wasioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Tatizo lilikuja katika kuifasiri ile K ya kwanza. Wengi waliielewa kuwa ni kutamka, na mtoto akishatamka huhesabiwa amevuka. Kuanzia darasa la tatu anamwagiwa sayansi na masomo mengine kana kwamba kazi ya kumfundisha kusoma imekwisha, wakati ndiyo kwanza inaanza.

Tuingie darasani, kwenye kipindi chenyewe cha ufahamu. Mtu yeyote aliyesoma Tanzania anaikumbuka amri ile ya kusoma kifungu cha habari kwa makini kisha kujibu maswali. Hiki hapa kifungu kifupi nilichokitunga kwa ajili ya uchambuzi huu:

"Mama Neema alisimama mbele ya duka la wakala wa mbolea akahesabu fedha zake. Akazihesabu tena. Mara ya tatu hakumaliza. Alizirudisha kwenye kitambaa, akakifunga fundo, kisha akamwuliza wakala kama yule mfugaji wa Ruhuwiko bado anauza samadi."

Maswali ya kawaida yatakuwa haya. Mama Neema alisimama wapi? Alirudisha fedha kwenye nini? Alimwuliza nani habari za samadi? Mwanafunzi atajibu yote na kupata alama zote, na bado hatutajua kama ameelewa. Mbinu anayoitumia ni rahisi: anachukua neno la kwenye swali, analisaka kwenye habari, anainakili sentensi iliyolibeba. Jaribu mwenyewe na sentensi isiyo na maana yoyote: "Mbaluko alisivama mbele ya kitondwe." Mbaluko alisivama wapi? Mbele ya kitondwe. Umepata alama moja kamili, wala hujui Mbaluko ni mtu au mnyama.

Sasa badilisha swali: kwa nini Mama Neema aliulizia samadi? Hapo ndipo kalamu zinapositishwa hewani. Mwanafunzi anatafuta "kwa sababu" ndani ya kifungu, haipo. Anatafuta "hazikutosha", haipo. Wapo watakaoandika kwamba habari haijasema, na kwa namna fulani wako sahihi, maana haijasema. Imeonesha. Msomaji anatakiwa aunganishe mambo matatu: kuhesabu kwa kurudiarudia, fedha kurudi kwenye kitambaa, na samadi kuwa nafuu kuliko mbolea ya dukani. La tatu halimo kabisa kwenye maandishi. Limo kichwani mwa mtoto wa Songea, ambaye kila msimu husikia nyumbani mazungumzo ya bei ya mbolea. Jibu analo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba anaruhusiwa kulitumia.

Kuna na swali la msamiati, lile linalotaka maana ya neno "kama lilivyotumika katika habari". Weka neno "fundo". Mwanafunzi aliyekariri orodha ya misamiati ataandika "kinyongo", kwa sababu fundo la moyoni ndilo lililokuwa kwenye daftari lake la nahau. Hajasoma mstari. Amesoma neno peke yake, kisha akatoa maana ya kwanza iliyomjia. Maneno yale manne ya mwisho katika swali, yanayomrudisha kwenye habari, ndiyo mtihani wenyewe, lakini watahiniwa huyaruka kama mapambo.

Baraza la Mitihani la Tanzania hulijua hili vizuri. Kila mwaka hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, pamoja na nakala za majibu mazuri na mabovu yaliyoandikwa kwa mkono wa wanafunzi wenyewe. Ni maandishi ya kusomwa na kila mwalimu wa lugha, na nasikitika kwamba katika shule nyingi hukaa kwenye kabati la mwalimu wa taaluma hadi vumbi liyafunike. Kauli inayojirudia humo ni kwamba mtahiniwa alishindwa kubaini matakwa ya swali. Maana yake ni kwamba aliyekwama kwenye habari alikuwa ameshakwama hata kwenye swali, kwa kuwa swali nalo ni maandishi yanayotaka ufahamu. Ndiyo maana udhaifu huu haukai ndani ya somo la Kiswahili. Swali la hisabati lenye maelezo marefu humwangusha mtoto ambaye angeweza kukokotoa namba zilezile kama zingeandikwa wazi.

Kwa nini basi walimu waendelee kuuliza maswali ya kunakili? Jibu la haraka ni uvivu, nalo si la kweli. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 akiuliza kwa nini Mama Neema aliulizia samadi atapokea majibu 80 tofauti, kila moja la kusomwa na kupimwa. Akiuliza alisimama wapi, atasahihisha darasa zima kabla ya kengele. Mtihani nao humsukuma kulekule. Tangu 2012, majibu ya darasa la saba yalipoanza kusahihishwa kwa kompyuta, mtihani umekuwa kwa sehemu kubwa wa kuchagua herufi. Swali la kuchagua linaweza kupima kina likitungwa kwa ustadi, lakini kulitunga namna hiyo ni kazi ngumu, na mazoezi ya shuleni yanayoliiga huishia kwenye lile jepesi.

Ujuzi wa mambo unastahili maneno zaidi, maana ndio unaosahaulika kuliko yote. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi wa Marekani habari ya mchezo wa besiboli. Wale waliohesabiwa wasomaji dhaifu lakini wanaujua mchezo walielewa na kukumbuka zaidi kuliko wasomaji hodari wasioujua. Ukitaka kuliona hilo Songea, wape vijana wa Bombambili habari ya mechi ya zamani ya Majimaji FC, Wanalizombe, halafu uwape habari ya matumbawe na mishipi ya wavuvi wa Mafia. Ni walewale, na watakuonesha viwango viwili tofauti kabisa vya "ufahamu".

Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania ni vilevile nchi nzima, na sioni ubaya wake. Mtoto wa Songea ana haki ya kujua matumbawe kama vile mtoto wa Mafia anavyotakiwa kujua jinsi mahindi ya Ruvuma yanavyofika sokoni. Kwa hiyo dakika tano za kuzungumza juu ya habari kabla ya kuisoma ndizo zinazotengeneza au kuharibu kipindi. Waliobuni kisomo chenye manufaa, enzi za kampeni ya elimu ya watu wazima, walikuwa na busara katika hili: mkulima alifundishwa kusoma kupitia kilimo chake, kwa hiyo alikuja na nusu ya maana kichwani, akabaki kuitafutia herufi.

Kidato cha kwanza mambo hugeuka ghafla. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili, na pengine nyumbani anazungumza Kingoni, Kimatengo au Kindendeule na bibi yake, anakuta bayolojia na jiografia kwa Kiingereza. Ule upande wa pili wa hesabu ya Gough na Tunmer unaporomoka siku moja. Jambo hili limesemwa siku nyingi. Mwaka 1978 Baraza la Kiswahili lilitoa utafiti wa Penina Mlama na May Matteru uliotetea Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia elimu ya juu. Mlama ndiye yuleyule Penina Muhando ambaye wengi wanamjua kwa tamthiliya ya Nguzo Mama. Miaka karibu hamsini imepita, na hatua iliyopigwa ni ndogo. Siku hizi wanafunzi wa kidato cha kwanza wanasoma Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili. Somo hilo linaweza kuwa uwanja mzuri wa ufahamu, mwalimu wa historia akikubali kwamba naye anafundisha kusoma.

Sasa tugeukie istilahi za fasihi, ambako ugonjwa ni uleule umevaa koti la kisomi. Mwanafunzi wa sekondari hukabidhiwa hazina kubwa ya majina: fani na maudhui, chini ya fani kuna muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, chini ya maudhui kuna dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo na falsafa, kisha zinakuja tamathali za semi, kuanzia tashbiha, sitiari, tashihisi, mubalagha na tafsida mpaka ritifaa na mjalizo. Mengi ya majina haya yana asili ya Kiarabu. Mengine yalipata matumizi yake ya leo baada ya Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzishwa 1970, ikalazimika kufundisha uhakiki kwa Kiswahili wakati istilahi zilikuwa bado changa. Mbunda Msokile, Fikeni Senkoro na wenzao waliandika vitabu vya kuziweka sawa. Ilikuwa kazi kubwa, na bila hiyo tungekuwa tunahakiki Shaaban Robert kwa Kiingereza.

Lakini istilahi ni chombo cha kazi. Kimetengenezwa ili msomaji aweze kusema kwa ufupi kitu alichokwisha kukiona. Darasani tumeigeuza ikawa kitu cha kutambuliwa na kutajwa, basi. Chukua sentensi hii: "Jua nalo lilikuwa limechoka, likajilaza nyuma ya mlima." Swali la kawaida huuliza ni tamathali gani iliyotumika. Tashihisi. Alama moja. Kipindi kimekwisha, na hakuna aliyeuliza kwa nini mwandishi amelichosha jua. Lile neno dogo "nalo" ndilo lenye siri: linasema kuna mwingine aliyechoka kabla ya jua, naye pengine ametajwa aya iliyotangulia, amerudi kutoka shamba na jembe begani. Tashihisi hapa inalihamishia jua uchovu wa mtu, na kwa kufanya hivyo inatuambia uchovu huo ni mkubwa kiasi gani. Mwanafunzi anayeweza kueleza hayo bila kulijua jina "tashihisi" amenifurahisha kuliko anayelijua jina na kunyamaza. Anayeweza yote mawili ndiye tunayemtaka.

Kwenye maudhui hali ni mbaya zaidi, maana hapo kuna majibu yaliyokwisha kupikwa. Mtihani wa kidato cha nne huuliza swali la vitabu viwili na kutaka hoja tatu kutoka kila kitabu. Swali kama hilo linajibika bila kufungua kitabu, na wachuuzi wa tahakiki wanalijua hilo. Kijana anakariri kwamba mwanamke "amechorwa kama chombo cha starehe", kwamba dhamira ni "ujenzi wa jamii mpya", kwamba ujumbe ni "tusiwe na tamaa", na vipande hivyo anavipanga kwenye kitabu chochote atakachoulizwa. Sitawalaumu wanafunzi peke yao. Shule yenye nakala chache za riwaya ya Takadini kwa kidato kizima inamlazimisha mwalimu kuandika muhtasari ubaoni, na muhtasari wa ubaoni ukishanakiliwa hugeuka kuwa kitabu chenyewe.

Hasara yake inaonekana vizuri kwenye Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba. Wanafunzi wengi watakuambia dhamira ni mapenzi na uzembe kazini, jambo ambalo jina la kitabu limeshalisema. Walioisoma tamthiliya watakuonesha kinaya kinachoibeba yote: karani anatumwa kijijini kuhesabu watu, anamwona binti mmoja, Mazoea, na kazi ya kuhesabu wengine wote inaishia kwenye karatasi zilizoungua. Mmoja amewafuta wote. Ukikiona hicho, istilahi "kinaya" inakukaa mwilini, huihitaji tena kwenye daftari.

Songea ina utajiri wa aina hii ambao haujaguswa. Mji umebeba jina la Nduna Songea Mbano, mmoja wa mashujaa wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na kila Februari watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka. Ebrahim Hussein aliandika tamthiliya ya Kinjeketile, 1969, juu ya Vita hivyohivyo vya Majimaji, ingawa akaweka tukio lake Ngarambe, bonde la Rufiji, mbali na Ungoni ambako dawa ya maji ililetwa na Omari Kinjala. Darasa la Songea likiisoma tamthiliya ile lina maswali ambayo darasa la Dar es Salaam halina. Mgogoro wa nafsi, istilahi ambayo vijana huifafanua kwa sentensi moja ya kukariri, umo pale ukiwa hai: mtu aliyewapa watu imani anaanza kuitilia shaka, na alipotakiwa kuikana mbele ya adui akakataa, kwa kuwa kuikana kungewafanya watoto wa watoto waamini kwamba kupigana kulikuwa kosa. Alikuwa mkweli au mwongo? Hapo ndipo msimamo wa mwandishi unapotafutwa, na mwanafunzi aliyepita makumbusho akaona majina ya waliokufa hawezi kujibu kwa maneno ya kwenye tahakiki.

Ushairi niutaje kwa kifupi. Wanafunzi hufundishwa kuhesabu mizani, nane na nane, na kuzungushia vina duara kwa kalamu nyekundu, huku shairi lenyewe halijaimbwa hata mara moja darasani. Ni ajabu katika mkoa wa ngoma za lizombe na mganda, ambako mtoto hujua mdundo kabla ya kujua kuandika. Mizani isiyosikika sikioni haimsaidii mtu kueleza kwa nini mshororo mmoja umekatwa mfupi.

Simu nazo zimeleta usumbufu mpya wa istilahi. Kijana wa Songea akitafuta "dhamira" mtandaoni huenda akaangukia maandishi ya Kenya, ambako kile anachokiita dhamira mara nyingi huitwa maudhui, na dhamira ni lengo la mwandishi. Akisoma pia fasihi ya Kiingereza shuleni, kipindi kinachofuata atajifunza tashbiha kwa jina jingine, na mara nyingi hakuna anayemwambia kwamba ni kitu kilekile.

Nini kifanyike? Vitabu vya ziada vitasaidia, na maktaba ya mkoa ingefaa kuwa na nakala nyingi zaidi za vitabu teule. Lakini mimi ningeanzia kwenye kazi isiyohitaji bajeti kubwa, yaani maswali. Mwalimu atunge matatu kwa kila kifungu: moja la kutafuta, moja la kuunganisha, moja la kutoa hukumu na kuitetea. Lile la kutafuta lisahihishwe na wanafunzi wenyewe wakibadilishana madaftari. Lile la kuunganisha lijibiwe kwa mdomo, wawili wawili, kila mmoja akionesha kwa kidole sentensi iliyompa jibu. Daftari la mwalimu libaki na la tatu peke yake, kwa kundi moja la wanafunzi kila wiki. Kwenye fasihi, kila istilahi inapotajwa ifuatwe na "imefanya kazi gani hapa?", na jibu lisilotaja maneno ya kwenye kitabu lisipewe alama.

Sehemu ngumu iko kwenye mwongozo wa usahihishaji. Ukiorodhesha jibu moja tu kwa swali la kichwa cha habari au la dhamira, mwalimu mwenye akili atawafundisha watoto wake jibu hilo moja, maana shule yake itapimwa kwa ufaulu. Mwongozo ukikubali jibu lolote linaloungwa mkono na habari yenyewe, usahihishaji utachukua siku nyingi zaidi na wasahihishaji watahitaji semina kabla ya kuanza. Gharama hiyo ni ya kweli, na wanaopanga mitihani wanapaswa kuamua kama wako tayari kuilipa kabla hawajawalalamikia tena watahiniwa kwa kunakili.